Je, Kila Mnene ni Mlafi? Tafakari juu ya Jeni, Njaa na Fadhila ya Kiasi



Kwaresima iliyopita nilitumwa kufundisha katika kigango kimoja cha Jimbo letu la Mpanda. Mada ilikuwa vilema vikuu saba, vile tunavyozoea kuviita mizizi ya dhambi. Nilipofika kwenye ulafi nilitaka watu wachangamke kidogo. Nikasema kwamba kiburi na wivu hujificha moyoni, lakini ulafi hauna pa kujificha, kwa sababu unaonekana tumboni. Watu walicheka sana.

Mama mmoja mwenye mwili mkubwa hakucheka. Baada ya kipindi alinisubiri nje, akaniambia kwa upole: "Frateri, mimi na dada yangu tumelelewa kwa sufuria moja. Yeye hadi leo ni mwembamba, mimi niko hivi unavyoniona. Kwaresima yote ninafunga, na shambani naenda kwa miguu. Sasa niambie, dhambi yangu ni ipi, niiungame?" Akaongeza kwamba hata kupima presha ameacha, maana kule nako anaambiwa apunguze kula kabla hata hajaulizwa anakula nini.

Sikuwa na jibu. Nilimwomba samahani, nikarudi na swali lake. Makala hii ni jibu ambalo ningepaswa kumpa siku ile. Nimelipata kwa kusoma mambo mawili pamoja: falsafa ya maadili tunayofundishwa seminarini, na kazi ya daktari mmoja mtafiti, Profesa Sadaf Farooqi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambaye kwa zaidi ya miaka 25 amechunguza kwa nini baadhi ya watu hunenepa kupita kiasi.

1. Swali la zamani

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanamwuliza Yesu ni nani aliyekosa, yeye mwenyewe au wazazi wake. Angalia kwamba hawakuuliza kama kuna aliyekosa. Hilo kwao lilikuwa limekwisha kuamuliwa, kilichobaki ni kumtaja mkosaji. Yesu anakataa majibu yote mawili, kisha anamponya yule mtu.

Karne nne hivi kabla ya hapo, Aristotle aligusa jambo hilohilo katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako. Anaeleza kwamba hakuna anayemlaumu mtu kwa upofu wa kuzaliwa au wa ugonjwa. Mtu huyo huonewa huruma. Lakini aliyepofuka kwa sababu ya ulevi hulaumiwa, kwa kuwa chanzo kilikuwa mikononi mwake. Kanuni ni hii: lawama hufuata yale yaliyo katika uwezo wetu.

Kanuni hii ni sahihi, na Kanisa linaikubali. Ugumu uko kwenye kuitumia. Ili nijue kama nimlaumu mtu au nimwonee huruma, ni lazima kwanza nijue chanzo cha hali yake, na chanzo cha unene wa mtu hakionekani kwa macho. Hapo ndipo tunapomhitaji daktari.

2. Daktari aliyeanza kwa watoto wawili

Sadaf Farooqi alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Katika miaka ya 1990 alijiunga na kikundi cha utafiti cha Profesa Stephen O'Rahilly, daktari kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Cambridge. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba unene ni matokeo ya tabia tu: mtu anakula sana, hafanyi mazoezi, basi.

Mwaka 1994, huko New York, Jeffrey Friedman na wenzake walikuwa wamegundua kwa panya jeni inayotengeneza homoni waliyoiita leptini. Homoni hii hutengenezwa na mafuta ya mwili, husafiri katika damu hadi kwenye ubongo, na kuujulisha kwamba akiba ipo. Panya aliyekosa leptini alikula bila kukoma. Swali lilikuwa kama jambo hilo hutokea pia kwa binadamu.

Jibu lilitoka kwa watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistan. Mmoja alikuwa na miaka 8 na uzito wa kilo 86. Mwingine alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini tangu miezi ya mwanzo njaa yao haikushibishwa na kitu chochote. Walipopimwa damu, watoto hawa waliokuwa na mafuta mengi mwilini walikutwa karibu hawana leptini kabisa. Jeni yao ya leptini ilikuwa na kasoro. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na kwa mara ya kwanza ilithibitika kwamba kasoro katika jeni moja inaweza kumnenepesha mwanadamu.

Fikiri maana yake. Ubongo wa mtoto huyu ulikuwa haupati habari ya akiba. Kwa kadiri ubongo ulivyojua, mtoto alikuwa anakufa kwa njaa, na ulifanya kile ambacho ubongo wa mtu yeyote mwenye njaa kali hufanya: ulimtuma atafute chakula.

Mwaka 1999 Farooqi na wenzake walieleza habari za msichana wa miaka 9 aliyeanza kuchomwa sindano za leptini kila siku. Katika mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 16. Baadaye watoto watatu walipewa chakula wale kadiri wanavyotaka, kabla na baada ya kutibiwa. Wote walipunguza kula wenyewe, na mmoja alipunguza kwa zaidi ya asilimia 80. Kilichobadilika ni homoni moja tu. Wazazi hawakuwa wamepewa somo jipya la malezi, wala mtoto hakuwa amehubiriwa.

3. Si watoto wachache tu

Mtu anaweza kusema: "Hao ni watoto wa nadra sana." Ni kweli, ukosefu wa leptini ni nadra. Lakini utafiti haukuishia hapo. Farooqi na O'Rahilly walianzisha uchunguzi wa watoto walionenepa sana kabla ya miaka 10, na hadi sasa umefikisha zaidi ya washiriki 8,000. Mwaka 2003 walieleza kwamba kati ya watu 500 walionenepa sana tangu utotoni, karibu 6 katika kila 100 walikuwa na kasoro katika jeni iitwayo MC4R, ambayo hufanya kazi ndani ya ubongo kwenye njia ileile ya shibe.

Kwa watu wengi zaidi, hakuna jeni moja yenye kasoro. Kuna jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo. Mwaka 2007 iligunduliwa tofauti ndogo katika jeni iitwayo FTO. Mtu aliyeirithi kwa baba na kwa mama ana uzito wa takriban kilo 3 zaidi ya asiyekuwa nayo. Peke yake si kitu kikubwa, lakini zikijumlishwa nyingi, mzigo unaonekana.

Kuna uchunguzi mwingine unaoeleweka hata bila kujua sayansi. Mwaka 1986 daktari Albert Stunkard na wenzake walichapisha habari za watu 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kambo wa kisheria tangu utotoni. Kama unene ungekuwa mazoea ya mezani tu, watu hawa wangefanana na waliowalea. Ikawa kinyume: miili yao ilifanana na ya wazazi waliowazaa, na haikuonekana kufuata ya wale waliowalisha. Huyu mama wa kigango na dada yake walikula sufuria moja, lakini hata ndugu wa tumbo moja hawarithi jeni zilezile zote.

Mwaka 2019 Farooqi aligeuza swali. Yeye na wenzake waliwachunguza watu wembamba zaidi ya 1,600 wenye afya njema. Iligundulika kwamba wembamba nao, kwa sehemu, ni wa kurithi. Ndugu yangu, hapa nilijisikia nimeguswa. Mimi ni mwembamba, na mara nyingi nimefikiri kwamba ni kwa sababu najitawala. Huenda nimejisifu kwa fadhila ambayo sikuitafuta.

Na Afrika je? Kwa miaka mingi chunguzi za jeni zimefanywa hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na Waafrika wamekuwa sehemu ndogo sana. Jirani zetu wa Uganda wamesaidia kuziba pengo hilo. Huko Kyamulibwa, kusini magharibi mwa nchi, wanakijiji wamekuwa wakifuatiliwa afya zao tangu mwaka 1989. Kazi ilianza kwa ajili ya UKIMWI, baadaye ikaingiza uzito, presha na sukari. Mwaka 2019 zilichapishwa taarifa za jeni za watu wapatao 6,400 wa vijiji hivyo, na zikaonekana tofauti ambazo Ulaya hazikuwa zimeonekana. Mojawapo inagusa kipimo cha damu kinachotumika kufuatilia kisukari. Hivyo hatuwezi kuchukua kila jibu la Ulaya na kulitumia kwetu bila kupima.

4. Basi, hatuna hiari?

Hapa mwanafalsafa lazima aulize: kama jeni ndizo zinazosukuma, je, uhuru wa mtu uko wapi? Tuifute fadhila ya kiasi?

Hapana. Tazama takwimu za nchi yetu. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 1991/92, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 11. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Jeni za Watanzania hazikubadilika katika miaka 25. Kilichobadilika ni maisha. Bodaboda imechukua nafasi ya miguu, mafuta ya kupikia na sukari vinapatikana kila duka, soda imekuwa alama ya heshima kwa mgeni, na chipsi mayai zinauzwa kila stendi.

Kwa hiyo jeni hazimnenepeshi mtu peke yake. Zinaamua ni nani ataumia zaidi mazingira yanapobadilika. Chukua mfano wa watu wawili wanaopandisha maji mlimani, mmoja na ndoo ya lita 10, mwingine ya lita 20. Wote wawili wana miguu na wote wanaweza kuamua kupanda au kuketi. Lakini anayewatazama kutoka mbali, akamwita wa pili mvivu kwa sababu amechelewa, amehukumu bila kutazama ndoo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha jambo hili hili kwa lugha ya maadili. Katika namba 1735 inasema kwamba wajibikaji wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, au hata kufutwa, kwa ujinga, hofu, mazoea na sababu nyingine za nafsi au za kijamii. Na katika namba 2290 inatukumbusha kwamba fadhila ya kiasi inatutaka tuepuke kila aina ya kupita kiasi, chakula kikiwemo. Mafundisho yote mawili yanasimama pamoja. Uhuru wetu ni wa kweli, ila kila mmoja anauishi katika mwili aliopewa.

5. Mt. Thoma wa Akwino juu ya ulafi

Nilidhani Mt. Thoma angekuwa upande wangu. Mapokeo yanamkumbuka mwenyewe kuwa mtu wa mwili mkubwa, na hilo lingetosha kunionya. Lakini nilipofungua Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 148, nilikuta mambo matatu yaliyonisahihisha.

Kwanza, anatofautisha hamu mbili. Iko hamu ya asili, yaani njaa na kiu, ambayo ni ya nguvu za uhai tunazoshirikiana na mimea. Hamu hii haiko chini ya amri ya akili, na kwa hiyo ndani yake hakuna fadhila wala kilema. Iko pia hamu ya hisi, tamaa ya utamu, na humo ndimo ulafi unamoweza kuwapo. Utafiti wa Cambridge unagusa hasa ile ya kwanza. Mtoto asiye na leptini ana njaa kali, na njaa si dhambi.

Pili, anasema kwamba mtu akila kupita kiasi kwa sababu anadhani mwili wake unahitaji, wala si kwa tamaa, huyo si mlafi. Amekosa ujuzi tu. Wangapi kwetu tunawajaza watoto uji wa sukari tukiamini kwamba unene ndio afya?

Tatu, akimfuata Mt. Gregori Mkuu, anataja njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kula kingi mno, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya anasa. Ni njia moja tu inayohusu wingi. Frateri mwembamba anayenung'unika kwamba leo tena ni maharage anaweza kuwa mlafi kuliko mama mnene anayekula ugali na dagaa kwa shukrani. Ulafi uko katika tamaa isiyoongozwa na akili, na tamaa haipimwi kwa mizani.

Kwa hiyo mzaha wangu ulikuwa na kosa la mantiki kabla ya kuwa na kosa la upendo. Nilitoka kwenye "ulafi unaweza kunenepesha" nikafika "mnene ni mlafi". Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba hitimisho hilo halifuati.

6. Hukumu ya haraka na madhara yake

Kosa hili linaumiza watu kweli. Mwaka 2009 Farooqi na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza watoto 300 walionenepa sana. Baadhi yao walikuwa wamepungukiwa na kipande cha kromosomu ya 16. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo walioandikishwa na maofisa wa ustawi wa jamii kama watoto walio hatarini, kwa kudhaniwa kwamba wazazi wao wanawalisha kupita kiasi kwa makusudi. Baada ya kipimo, majina yao yaliondolewa katika orodha hiyo.

Wazazi wale waliulizwa swali la wanafunzi wa Yesu: mtoto amekosa, au wazazi wake? Jibu la kipimo lilikuwa kwamba hakuna aliyekosa. Lakini kwa muda wote kabla ya kipimo waliishi chini ya hukumu.

Katekisimu, namba 2477, inamwita mkosaji wa hukumu ya haraka mtu anayekubali, hata kwa siri moyoni, kosa la kimaadili la jirani bila msingi wa kutosha. Na tukumbuke kwamba Bwana wetu mwenyewe aliitwa mlafi na mlevi (Mt 11:19), kwa sababu tu walimwona akila na watu.

7. Kwetu Mpanda

Sisi wa jimbo hili tuna mfano wa karibu. Dkt. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, nchini Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari kisiwani Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawahudumia watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa daktari, na pia katekista. Kwa hiyo historia yetu imekwisha kutuonyesha kwamba kufundisha imani na kutibu mwili vinaweza kukaa katika mikono ileile. Nami naomba mambo manne.

Mosi, tuache kuuita unene dhambi, na pia tuache kuuita baraka. Kitambi si ushahidi wa ulafi, wala si ushahidi wa mafanikio. Ni jambo la afya, linaloweza kuleta presha na kisukari. Anayeambiwa "umependeza, umenawiri" na anayeitwa "bonge" wote wawili wanazuiwa kwenda kupima.

Pili, tuwasindikize watu kwenye vipimo. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inaweza kupanga siku ya kwenda pamoja zahanati au hospitali kupima presha na sukari, wanene kwa wembamba, ili asiwepo wa kunyoshewa kidole.

Tatu, tuangalie meza zetu za pamoja. Kwenye sherehe za kipaimara na jubilei tuweke maji na matunda mahali ambapo tumezoea soda tu. Aliyebeba ndoo ya lita 20 husaidiwa zaidi na njia nzuri kuliko na maneno. Wakati huohuo tusisahau kwamba nchini kwetu takriban watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Meza ya haki inawaangalia wote.

Nne, sisi tunaojiandaa kuwa mapadre. Siku moja, Mungu akijalia, tutaketi kitubioni. Mtu akiungama ulafi, tumsaidie kutazama tamaa yake, haraka yake na sala yake kabla ya chakula. Tusitazame tumbo lake.

Nilirudi katika kigango kile baada ya Pasaka. Nikamjibu yule mama: "Mama, kwa mwili wako huna dhambi ya kuungama. Aliyekuwa na ya kuungama ni mimi, na nimeshaiungama." Alicheka safari hii. Kisha nikamwomba arudi kupima presha. Akaniambia atakwenda, ila niende naye. Tulikwenda, tukapimwa wote wawili.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Ni maneno gani tunayotumia kuwataja watu wanene na watu wembamba katika jumuiya yetu? Je, yanajenga?
2. Kati ya njia tano za ulafi anazotaja Mt. Thoma, ni ipi inayonigusa mimi binafsi?
3. Ni jirani gani niliyemhukumu bila kutazama ndoo aliyobeba?
4. Jumuiya yetu itafanya nini mwezi huu ili wagonjwa wa presha na kisukari wasione aibu kutafuta matibabu?